Tungo Zote za Langston Hughes, Mshairi wa Harlem

Mshairi akiisha kufa, tungo zake huwa mikononi mwa watu wengine. Wako wanaotaka zikusanywe zote, hata zile alizoziacha mwenyewe. Na wako wasemao ya kuwa heshima ya marehemu yataka kuchagua. Jambo hili si la wapiga chapa peke yao. Lamhusu kila mwalimu asimamaye mbele ya wanafunzi na kuwaambia, "Huyu ndiye mshairi fulani, na haya ndiyo maneno yake." Katika kurasa hizi twataka kulipima kwa mfano mmoja, yaani tungo za Langston Hughes, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa kwa miaka zaidi ya arobaini sauti ya mtaa wa Harlem katika mji wa New York.

Yafaa vitabu viwili viwekwe mezani pamoja. Cha kwanza ni Selected Poems, kilichopigwa chapa na Knopf mwaka 1959. Tungo zake alizichagua Hughes mwenyewe, akazipanga kwa kufuata mambo yanayosemwa, si kwa kufuata miaka. Cha pili ni The Collected Poems of Langston Hughes, kilichotolewa na wachapaji hao hao mwaka 1994, miaka 27 baada ya kifo chake. Waliokikusanya ni Arnold Rampersad, ambaye alikuwa amekwisha kuandika habari za maisha ya mshairi katika vitabu viwili, na David Roessel. Ndani yake mna tungo zaidi ya 800, na karibu 300 katika hizo zilikuwa hazijaingia katika kitabu cho chote. Nazo zimepangwa kwa taratibu ya miaka zilipotokea. Tangu mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa pia kazi zake zote, pamoja na hadithi, michezo na makala, katika vitabu 16. Lakini mwalimu mwenye nafasi ya kitabu kimoja rafuni mwake atakuwa na shauri kati ya kile cha 1959 na kile cha 1994. Nasi twaandika kwa ajili yake.

Tuanze na habari za mtu mwenyewe, kwa ufupi. Hughes alizaliwa Joplin, katika jimbo la Missouri. Kwa muda mrefu vitabu viliandika ya kuwa mwaka ulikuwa 1902, lakini magazeti ya kale yaliyochunguzwa mwaka 2018 yalionyesha ya kuwa ni 1901. Alilelewa zaidi na bibi yake, Mary Langston, huko Lawrence, Kansas. Mume wa kwanza wa bibi huyo aliuawa Harpers Ferry mwaka 1859, alipomfuata John Brown katika vita vyake vya kutaka kuwakomboa watumwa. Basi mtoto huyu hakuipata habari ya utumwa vitabuni tu, aliisikia nyumbani. Mwaka 1921 gazeti la The Crisis lilitoa utungo wake wa mito, alioutunga njiani, garimoshi lilipokuwa likivuka mto Mississippi. Na ndani yake kijana huyu wa Marekani auhesabu mto Kongo na mto Naili kuwa mito ya jamaa zake. Mwaka ule ule alifika New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, lakini akakiacha baada ya mwaka mmoja. Chuo hakikumvuta kama Harlem ilivyomvuta. Mwaka 1923 alikuwa baharia katika meli iliyokwenda pwani ya magharibi ya Afrika. Kitabu chake cha kwanza, The Weary Blues, kilitoka mwaka 1926. Alikufa New York tarehe 22 Mei 1967, na majivu yake yamewekwa chini ya sakafu ya maktaba ya Schomburg, ndani ya Harlem.

Twamwita mshairi wa mji kwa sababu moja kubwa: katika tungo zake msemaji mara nyingi si yeye. Ni mpangaji wa chumba, au mpishi, au mchukuzi wa hotelini, au mama aliyeachwa na mumewe, au mzee wa kanisa, au kijana asimamaye pembe ya njia asiye na kazi. Washairi wengi huingia mjini wakaeleza jinsi walivyoona wao. Hughes alifungua dirisha akaacha majirani waseme, kisha akaandika. Kitabu chake cha mwaka 1951, Montage of a Dream Deferred, kimetungwa chote kwa namna hiyo. Ni utungo mmoja mrefu wa sauti nyingi, wenye kukatika na kuruka kama muziki wa bibopi uliokuwa ukipigwa Harlem siku zile. Mmoja huanza neno, mwingine akalidakia, wa tatu akapita akicheka. Utungo mfupi uitwao "Harlem", wenye mistari 11, karibu yote ikiwa maswali juu ya tumaini lililocheleweshwa, umo humo. Na Lorraine Hansberry alitwaa kutoka humo jina la mchezo wake mashuhuri wa mwaka 1959, A Raisin in the Sun.

Kwa kuwa wasemaji wake ni watu wa njiani, lugha yao ni lugha ya njiani. Hapa waalimu wetu watataka kusimama kidogo. Namna aliyoipenda sana ni ile ya nyimbo za bluzi. Mwimbaji wa bluzi husema kauli yake mara moja, akairudia, pengine kwa kuibadili kidogo, kisha kauli ya tatu huja kuijibu na kuifunga kwa kina kimoja na zile mbili. Hughes alipoandika karatasini, kila kauli aliikata vipande viwili, hata ubeti ukawa na mistari sita. Msomaji aliyezoea shairi letu la mishororo minne, lenye vina vya kati na vya mwisho na mizani kumi na sita, ataona ya kuwa tungo hizi zimepungukiwa. Lakini na azisome kwa sauti. Kule kurudia si uvivu wa mtungaji. Ni mtu mwenye shida aitazamaye shida yake mara ya pili kabla hajajua la kusema juu yake. Na kauli ya tatu mara nyingi huja na kicheko, kwa maana machozi yamekwisha. Sheria ipo, tena ni kali, ila si sheria yetu.

Si wageni tu walioshindwa kuliona jambo hili. Kitabu chake cha pili kilipotoka mwaka 1927, magazeti ya Weusi wenyewe yalimshambulia. Moja la New York lilimwita mkaaji wa mifereji ya maji machafu. Waandishi hao waliona haya. Walikuwa wamejitahidi kuwaonyesha Wazungu ya kuwa Weusi ni watu wa adabu na elimu, na hapa kijana msomi aleta walevi, wacheza kamari na wanawake wa mabaa. Hughes alikuwa amekwisha kuwajibu mwaka 1926, katika makala aliyoitoa gazetini The Nation, ya kuwa msanii Mweusi asiogope kuwaonyesha watu wake kama walivyo, wazuri na wabaya. Twaona ya kuwa jibu lake lilikuwa la haki. Mwenye kuwapenda watu wake hana haja ya kuwaosha uso kabla ya kuwaleta mbele ya wageni.

Tutoe mfano mmoja ulio karibu na kazi ya wengi wasomao kurasa hizi. Katika miaka ya 1940 Hughes alitunga tungo kadha wa kadha za mwanamke mmoja wa Harlem, Alberta K. Johnson, atakaye kila mtu amwite Madam. Hugombana na mtoza kodi ya nyumba, na watu wa simu, na karani wa kuhesabu watu. Siku moja mchungaji aja kumwuliza habari za roho yake. Yeye ajibu kwa ukali, kwamba alibatizwa zamani, na aliyoyafanya tangu hapo si kazi ya mchungaji. Mchungaji amwonya, aahidi kumwombea, aenda zake. Msomaji angoja mwanamke acheke. La, hacheki. Aona majuto kidogo kwa jinsi alivyosema, na siku ile hana hamu ya dhambi. Hapana mahubiri hapa, wala hapana dhihaka juu ya mahubiri. Kila mchungaji aliyekwisha kubisha hodi mlangoni mwa watu atajua ya kuwa jambo hili ni la kweli: neno lake lilikataliwa mbele yake, nalo likafanya kazi alipokwisha kuondoka.

Sasa tuje kwenye shauri letu. Kitabu cha 1959 kilipotoka, James Baldwin, mwana wa Harlem aliyelelewa katika nyumba ya mhubiri na kuhubiri mwenyewe ujanani, alikipima katika New York Times tarehe 29 Machi mwaka ule. Alisema ya kuwa kila amsomapo Hughes hustaajabia kipaji chake, tena husikitika kuona ya kuwa amekitumia kidogo; na ya kuwa mshairi mwenye kujihini zaidi angalizitupa nyingi katika tungo hizo. Hukumu hii ni nzito, tena ilitolewa juu ya kitabu kilichochujwa. Je, Baldwin angalisema nini juu ya kitabu cha 1994 chenye tungo zaidi ya 800?

Twakubali ya kuwa kitabu kikubwa kina makapi mengi. Mna tungo za siku moja, zilizotungwa kwa ajili ya gazeti la wiki, ambazo hazikustahili kuishi baada ya wiki ile. Tungo zilizosambazwa na shirika la habari la Associated Negro Press wakusanyaji wenyewe walizitenga mwishoni mwa kitabu, kama wapishi wawekao mifupa kando ya sahani. Mtu akisoma kurasa mia mfululizo atachoka. Mahali pengi atakuta wazo lile lile, lililosemwa vizuri zaidi mwaka mwingine. Kama swali ni kitabu kipi kina uzuri mwingi zaidi katika kurasa chache, jibu ni kile cha 1959, bila shaka.

Lakini liko swali la pili, nalo ni hili: kitabu kipi chasema kweli juu ya mshairi? Hapa mambo yageuka.

Mwaka 1932 Hughes alikwenda Urusi pamoja na vijana Weusi wengine kutengeneza picha ya sinema juu ya wafanya kazi Weusi wa Marekani. Picha haikutengenezwa. Mwaka ule ule jarida la Kikomunisti, The Negro Worker, lilitoa utungo wake uitwao "Goodbye Christ". Msemaji wake amwambia Kristo aondoke njiani, kwa kuwa wahubiri na wakubwa wamekwisha kumfanya bidhaa, na mahali pake washike viongozi wa Ukomunisti na wafanya kazi. Tena awataja kwa majina baadhi ya wahubiri mashuhuri wa siku zile, mmoja wao akiwa Aimee Semple McPherson wa Los Angeles. Mwaka 1940, Hughes alipokuja Pasadena kusema juu ya kitabu chake kipya, wafuasi wa McPherson walikusanyika nje ya hoteli kumpinga, wakagawa utungo ule. Baada ya hayo Hughes alitoa maelezo, akasema ya kuwa maneno yale yalikuwa ya siku zilizopita, naye ameyaacha. Mwezi wa Machi 1953 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Joseph McCarthy, akaulizwa juu ya tungo zake za zamani. Miaka sita baadaye alichagua tungo za Selected Poems. Utungo ule haumo, na pamoja nao zimeachwa tungo zake kali za siasa za miaka ya 1930. Hatuwezi kuusoma moyo wa mtu. Lakini tarehe zasomeka. Mkono uliochagua mwaka 1959 ulikuwa mkono uliokwisha kuonywa.

Tungo hizo zilianza kurudishwa mwaka 1973, Faith Berry alipozikusanya pamoja na makala katika kitabu Good Morning Revolution. Kitabu cha 1994 kilizirudisha mahali pake, kila moja katika mwaka wake. Na hapo ndipo msomaji aonapo jambo ambalo hakuna uchaguzi ungaliweza kumwonyesha. Kurasa chache tu kabla ya "Goodbye Christ" aukuta utungo mwingine, "Christ in Alabama", uliotolewa mwaka 1931 huko Chapel Hill, North Carolina. Mwaka ule vijana Weusi tisa walikuwa wamekamatwa Alabama kwa mashtaka ya kuwanajisi wanawake wawili Wazungu, na wanane wao wakahukumiwa kufa kwa ushahidi wa uongo. Ndiyo kesi iliyojulikana kwa jina la Scottsboro. Katika utungo huu Kristo mwenyewe ni Mweusi aliyepigwa, mwana wa mama mtumishi, katika nchi ya Kusini.

Tungo hizi mbili zina uchungu mmoja: kwamba jina la Kristo lilikuwa kinywani mwa watu wale wale waliowatesa maskini. Lakini tazama jinsi sanaa ilivyotofautiana. Utungo wa 1932 wapiga kelele. Wataja majina, watoa amri, wamwambia msikilizaji la kufikiri. Nao, kama hotuba nyingi za siasa, umepoa baada ya siku yake kupita. Utungo wa 1931 ni mfupi, hautoi amri yo yote. Waweka picha mbele yetu, halafu wanyamaza, na aliye Mkristo hawezi kuitazama picha ile bila kuulizwa neno. Hughes mwenyewe alijua tofauti hii. Alipotengeneza kitabu chake cha mwisho, The Panther and the Lash, kilichotoka mwaka 1967 baada ya kifo chake, aliuingiza "Christ in Alabama", akauacha ule mwingine. Basi katika hao wawili alimhukumu yeye mwenyewe, tena hukumu yake ni njema. Ila hatungaliiona hukumu hiyo kama tusingalionyeshwa kilichohukumiwa.

Mtu atauliza: yafaa nini kumfufulia marehemu neno alilolikana? Si ukatili huo? Twajibu ya kuwa ni tofauti kulitangaza neno kama ndilo neno lake la mwisho, kama walivyofanya watu wa Pasadena, na kuliweka mahali pake pamoja na yaliyotangulia na yaliyofuata. Waliogawa utungo ule mlangoni mwa hoteli waliukata kutoka katika maisha ya mtu. Wakusanyaji wa 1994 wameurudisha ndani ya maisha yale. Na mtu yule yule aliyetunga maneno ya 1932 ndiye aliyetunga Black Nativity, mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu wenye nyimbo za injili, ulioonyeshwa mara ya kwanza New York Desemba 1961. Mwenye kukijua kimoja tu katika hivi viwili hamjui Hughes.

Sisi wa lugha hii tumekwisha kufaidiwa na wakusanyaji wa namna hiyo. Tungo za Muyaka wa Mombasa hazikupangwa kitabu na yeye mwenyewe. Alizihifadhi kwa moyo Mwalimu Sikujua, zikaandikwa kwa msaada wa W. E. Taylor, naye W. Hichens akazitoa kuwa diwani mwaka 1940, miaka mia hivi baada ya kufa kwake. Zimo za vita, za mapenzi, za matukano na za njaa. Wangalichuja hao wakatuachia za hekima tu, tungalipata mzee mtulivu ambaye Mombasa haikumjua.

Limebaki neno moja kwa waalimu. Mwaka 1940 Hughes alitoa utungo wa mpangaji na mwenye nyumba. Mpangaji alalamika ya kuwa paa lavuja na ngazi zimevunjika. Mwenye nyumba ataka kodi yake. Maneno yazidi, polisi waitwa, na anayekwenda gerezani ni mpangaji. Mwaka 1965, mjini Boston, mwalimu kijana Jonathan Kozol aliwasomea utungo huo watoto wa darasa la nne, wengi wao wakiwa Weusi, katika shule mbovu iliyokuwa ikichakaa. Watoto waliupenda. Mwalimu alifukuzwa kazi, kwa kuwa utungo haukuwamo katika orodha iliyokubaliwa. Maneno yale yalionekana kuwa hatari kwa sababu watoto waliijua nyumba iliyosemwa.

Basi, hukumu yetu ni hii. Mwalimu na aanze na kitabu kidogo, kwa kuwa ndicho chenye tungo bora, na wanafunzi wapende kwanza kabla hawajapima. Lakini asikifanye kuwa ndicho mshairi mzima, wala asiwaambie wanafunzi ya kuwa mtu huyu alikuwa mpole siku zote, mcheshi wa Harlem asiyemkosea mtu. Kitabu kikubwa na kiwe karibu naye. Siku watakapouliza kuhusu "Christ in Alabama", awafungulie na kurasa zinazofuata, wasome zote mbili kwa sauti, waseme wenyewe upi una nguvu na kwa nini. Hatudhani ya kuwa imani ya mwanafunzi itadhurika kwa kulisikia lalamiko la mtu aliyeona jina la Kristo likiuzwa. Yaweza kudhurika zaidi akiligundua baadaye na kujua ya kuwa mwalimu wake alimficha.